Alimcheka Mama wa Sayari ya Tope

"Tazameni, ndugu watazamaji, tazameni huyu mama anavyokufa! Sayari nzima inageuka tope, chombo cha angani kipo hapo pembeni kinamsubiri, lakini yeye anazama taratibu kama mtu anayeoga siku ya Jumamosi. Jamani! Marehemu wa kweli wakikiona kifo hiki, watadai fidia!"

Wolfgang alisimamisha video ya rafiki yake, akajipiga paja.

"Hilary, wewe ni shetani," alisema huku akifuta machozi ya kicheko. "Unaona hizi komenti? Kuna mmoja kaandika, 'Nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza kama nimepagawa.' Kaka, umetoka kimaisha!"

Hilary hakucheka. Aliinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi, kwenye kibanda chake cha fundi simu pale Katesh. Watu walimjua zaidi kwa video zake za "Chombo cha Bati", alimokuwa akizichambua filamu za anga zilizoshindikana. Roboti limetoka mwaka elfu tatu, goti linalia kama mlango wa ghala! Abiria wote wamekufa angani, lakini uigizaji ulikufa kabla hawajapaa! Hivyo ndivyo alivyopata jina, na jina ni tamu, tusidanganyane. Ila video hii aliiposti jana, na tangu hapo chakula kilikuwa hakipiti.

Simu yake ikaita. Letisia, mchumba wake.

"Umeamkaje, mpenzi?"

Ikajibu sauti ndogo, kavu.

"Hilary, yule mama kwenye tope ni mimi."

"Wewe? Leti, sikujua! Haki ya Mungu sikujua! Umevaa ile ndoo kichwani, uso hauonekani..."

Uongo mtupu, msomaji wangu. Alijua. Mkono ulipochomoza topeni aliiona bangili ya shaba, ile iliyopinda kidogo upande mmoja. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang mpaka Jorodom, ile Desemba ya mwaka 2023, lilimchukua mama yake Letisia, na bangili ndiyo pekee iliyorudi kwa binti yake. Hilary alishakaa naye kwenye misa ya kumbukumbu akimshika bega. Ni yeye aliyejaribu kuinyoosha bangili hiyo kwa koleo lake mwenyewe. Hanang yote hakuna nyingine kama hiyo. Aliiona, akaitambua, na bado akaposti.

Sababu? Wivu. Mwezi mzima Letisia alikuwa akiaga kila Jumamosi kwamba anakwenda Dirma kumwona bibi yake. Kumbe anaigiza! Na mwisho wa filamu hiyo, iliyovujia mtandaoni kabla haijakamilika, anaonekana mikononi mwa Agustino, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye mwongozaji, ndiye mpiga picha, na ndiye shujaa mwenyewe, kifua mbele kama jogoo. Damu ilimpanda Hilary kichwani. Alitaka kumfanya Agustino kichekesho, na jiwe likampata Letisia.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaigiza?" aliuliza, akijaribu kuhamisha kosa.

"Ningekuambiaje? Kuna kitu usichokicheka wewe? Nilitaka ikamilike, nikuoneshe siku ya kumbukumbu ya mama. Hadithi nimeitunga mimi, Hilary. Sikuweza kusema ni Jorodom, nikasema ni sayari ya mbali, nikaona huko labda nitaweza kuitazama. Waliomwona mama walisema hakupiga kelele. Alimpandisha mtoto wa jirani juu ya bati, halafu akazama. Taratibu. Kama ulivyosema wewe."

"Leti, naifuta sasa hivi."

"Futa. Bibi ameshaoneshwa."

Akakata simu. Hilary aliifuta video palepale, lakini wapi! Ilishazagaa. Ilishafika mpaka Dongobesh kwenye simu ya mama yake mzazi, ambaye aliandika, "Mwanangu, nimecheka sana, Mungu akubariki." Ujumbe ule ulimuuma kuliko tusi.

Siku ya pili ukaingia ujumbe wa Letisia:

"Akina mama wamekaa kikao. Jumamosi uje Dirma. Uje na mtu mzima wa kwenu. Usije na Wolfgang."

Hilary akampigia baba yake mdogo, mzee Yohanes, kule Dongobesh.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia. Umewatukana Wadatoga, watu wa mchumba wako."

"Sikutukana, baba. Nilichambua filamu."

"Ulimcheka mama aliyekufa. Sisi Wambulu tumekaa nao miaka yote hii, na jambo moja tunalijua. Mwanaume akimdhalilisha mama, wanawake wao hukutana peke yao wakamhukumu, na hakuna mwanaume anayefungua mdomo. Hata diwani anavua kofia. Watakutoza fahali."

"Fahali!"

"Mweusi. Sasa sikiliza. Wakikuuliza, sema hukujua. Asiyejua hupunguziwa. Na mimi nitauliza kama huyo mnyama anaweza kuhesabiwa kwenye mahari, maana hasara mbili kwa mwezi mmoja ni nyingi."

Jumamosi waliwakuta akina mama wameketi kwenye nyasi, mbali na nyumba, fimbo zao mapajani. Wengine walivaa ngozi zilizotiwa shanga, wengine vitenge na masweta. Hilary na baba mdogo wakaambiwa wakae chini palepale walipofika, wasisogee. Katikati alikuwa Mama Gidabuday, bibi mzaa mama wa Letisia. Letisia alikaa nyuma yake, macho yamevimba.

"Shikamoo, bibi," Hilary alisema.

Haikuitikiwa. Jamani, umewahi kutoa shikamoo ikarudi bila marahaba? Inakuacha uchi.

"Kijana," Mama Gidabuday alianza, Kiswahili chake cha polepole, "mimi sijui mambo ya sayari. Mjukuu wangu alinieleza. Alisema, bibi, watu wamevaa mifuko ya mbolea, wanasafiri ndani ya tangi la maji. Nikacheka. Hata mimi nilicheka! Tangi bovu lile, ng'ombe wangu wanalijua. Halafu nikamwona mwanangu anazama. Nikalia. Nikasema, asante mjukuu, sasa nimemwona, maana siku ile sikuwepo. Wiki moja baadaye wananiletea simu nyingine. Mwanangu yuleyule anazama, na mwanaume anacheka."

Hilary alitamani ardhi ipasuke.

"Nakuuliza mbele ya akina mama. Ulijua ni nani?"

Kabla hajafumbua mdomo, Letisia akasema, "Hakujua, bibi. Nilivaa ndoo. Aliniapia kwa Mungu."

Akina mama wakanong'onezana kwa lugha yao. Mmoja akaitikia, mwingine akatikisa kichwa, mwisho wakakubaliana.

"Asiyejua ni kama mtoto," Mama Gidabuday alisema. "Utaleta asali, utaomba radhi, utakwenda zako. Letisia amekusamehe, na sisi tunamfuata yeye."

Baba mdogo alipumua kwa nguvu. Asali! Kwao Dongobesh mizinga ipo. Akamgusa Hilary kwa kiwiko, yaani shukuru, tuondoke.

Letisia alimtazama Hilary, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka kulia. Mkono wake ulikuwa juu ya bangili. Hilary akaona kabisa maisha yatakavyokuwa: ataoa, watazaa, na kila asubuhi bangili ile itamtazama wakati anakunywa chai.

"Nilijua," alisema.

"Mjinga we!" baba mdogo alifoka kwa sauti ya chini, akamvuta koti. "Nyamaza!"

"Nilijua, bibi. Niliiona bangili. Niliijua kabla hata mkono haujazama. Leti, nilikuapia uongo."

Letisia alisimama.

"Ulijua ni mimi?"

"Ndiyo."

"Ukajua kile ni kifo cha mama yangu?"

"Nilijua ni bangili yake. Nilikataa kufikiri zaidi ya hapo. Nilikuona umebebwa na Agustino, Leti. Nikaona umenificha Jumamosi zote zile kwa sababu yake. Nilishikwa na wivu nikawa kipofu."

Mama Gidabuday akainamisha kichwa, akauliza taratibu kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Kwa hiyo ulimwonea wivu mtu aliyebeba maiti?"

Mama mmoja wa nyuma akafyatuka kicheko, akajiziba mdomo kwa kitenge. Wa pili akafuata. Kicheko kikawakamata wote, fimbo zikianguka kutoka mapajani, na Hilary akakaa palepale anachekwa, masikio yote mawili yanawaka moto. Letisia peke yake hakucheka. Aliondoka bila kugeuka.

"Fahali," Mama Gidabuday alisema alipomaliza kujifuta macho. "Mweusi. Asiwe na doa. La uongo tungekutoza zaidi, lakini umelitapika mwenyewe."

"Shikamoo, mama," baba mdogo akadakia, "naomba kuuliza tu. Huyo fahali hawezi kuhesabiwa kwenye ma..."

Mama Gidabuday alimtazama. Baba mdogo akaangalia viatu vyake.

Hilary aliuza simu zake zote za kibandani, na kamera aliyojivunia, akanunua fahali. Akamswaga mwenyewe mpaka Dirma, akamkabidhi, akarudi. Akina mama walichinja na kula bila kumwalika, ndivyo ilivyo desturi. Letisia hakupokea simu. Kila alichoandika kilisomwa, hakikujibiwa.

"Leti, nisamehe."

"Leti, sina cha kujitetea."

"Leti, angalau nitukane."

Wolfgang alimshauri atengeneze video ya kuomba radhi, aweke na muziki wa huzuni. Alikataa. Alijua watu wangecheka, na yeye ndiye aliyewafundisha.

Mvua zilipoanza kunyesha, simu ikalia mlio mmoja tu. Letisia.

"Tope lipo. Njoo kesho asubuhi. Beba nguo za kubadilisha."

Alifika mapema. Kando ya lambo palikuwa na lile tangi bovu limepakwa rangi ya fedha, na akina mama walewale wamekaa tayari kutazama. Agustino alikuwepo na vazi lake la mifuko ya mbolea. Pembeni yake alisimama mwanamke mwenye mimba kubwa, amemshikia mwavuli.

"Huyu ni Evaline, mke wangu," Agustino alisema bila kununa. "Ni yeye aliyenishonea hizi nguo. Karibu, mchambuzi."

Hilary hakujua auweke wapi uso wake.

Letisia alimpa ndoo yenye tundu la macho na mwanasesere aliyefungwa kanga.

"Tunarudia kifo," alisema. "Ulisema hakikuwa kizuri. Tuoneshe."

"Na bangili?"

"Hujaistahili."

Hilary aliingia. Tope lilikuwa baridi, likamshika magoti, kiuno, kifua. Akapunga mikono, akaguna, akazama na kuibuka anatema mate. Akina mama walikuwa hoi kwa kicheko.

"Simama!" Letisia aliita, simu mkononi. "Umekufa kama mtu anayeoga siku ya Jumamosi. Rudia."

Akarudia. Tena na tena. Mwishowe nguvu zikamwishia, akaacha kuigiza. Alimnyanyua mwanasesere juu awezavyo, tope likamwingia masikioni na vicheko vyote vikazimika. Ndani ya ndoo alisikia pumzi yake tu. Hivi ndivyo alivyosikia yule mama, aliwaza, na bado hakupiga kelele, kwa sababu ya mtoto wa mtu mwingine. Akaanza kulia humo ndani kwa kwikwi. Hakulilia kusamehewa, alimlilia mama ambaye hakuwahi hata kumwamkia.

Agustino alipomtoa topeni akiwa amembeba mikononi, hakuna aliyecheka. Mama Gidabuday alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Letisia alishusha simu, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi.

Baadaye alileta maji kwenye jagi, akamkalisha Hilary juu ya jiwe, akaanza kumwosha masikio kama anamwosha mtoto.

"Umenisamehe?" Hilary aliuliza.

"Bado. Usitikisike."

"Utanisamehe?"

Letisia alimwagia maji kisogoni. Baridi kali.

"Shikamoo, bibi!" Hilary aliita, maana Mama Gidabuday alikuwa anapita na fimbo yake.

"Marahaba," bibi alijibu, akaendelea na safari yake.

Hilary akaanza kulia upya. Letisia akamgeuza uso, akamfuta kwa ncha ya kanga yake.

"Baba yako mdogo bado anawapigia simu wazee wetu kuhusu yule fahali," alisema. "Mwambie aache. Yule wa faini ameshaliwa na akina mama, hahesabiwi. Ng'ombe wa mahari mje nao wengine."