Suti ya Kijivu Niliyosema Imetoka Kampala

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, naishi Bigo hapa Bunia. Sitafuti huruma ya mtu. Wanaotaka kucheka wacheke sasa, wamalize, halafu wasome...

Tulikimbia vita vya Djugu, mimi na mama yangu mzazi na binti yangu, Plamedi. Nilifika mjini na vitenge viwili, na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilifua nguo za watu muda mrefu, hadi shirika moja likanipokea kwa majaribio ya miezi mitatu, essai tunavyoyaita, nikae mlangoni nipokee wageni. Nikifaulu, mkataba. Nikishindwa, narudi kwenye beseni. Watu watatu tulikula kwa mikono yangu hii!

Sasa niambieni, mtu wa vitenge viwili anakaaje resepsioni?

Nilijipanga. Nilichagua rangi mbili tu za sketi na suruali, nyeusi na bluu, ili kila blauzi iende na kila sketi. Sketi mbili, suruali moja, blauzi tatu, vyote mitumba, na fundi akavibana viuno. Viatu jozi moja, nilivipaka rangi kila Jumapili. Ijumaa nilivaa kitenge, maana hapa kwetu kitenge kilichoshonwa vizuri kinaingia ofisi yoyote. Shida ilikuwa blauzi nyeupe, niliyoiunguza mgongoni kwa pasi ya makaa. Ilihitaji koti la kuifunika.

Hapo ndipo anaingia Solange... Hata jina lake linanikera mdomoni!

Solange alikuwa jirani na rafiki yangu. Anauza mitumba sokoni, mabalo, yaani marobota, yanayopitia mpakani Aru. Kila siku ya kufungua balo alinipigia simu niwahi, nichague kabla ya wengine. Nilimwita mdogo wangu. Nilipougua, Plamedi alilala kwake. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Jumamosi moja alikuja nyumbani na mfuko mweusi. Ndani mlikuwa na suti ya kijivu, koti na sketi, ikanikaa kama niliyepimwa. Bei yake ilikuwa ya chini mno. Aliniambia imetoka kwenye balo jipya, ameniwekea pembeni kwa sababu ya urafiki.

Nitasema ukweli, kwa sababu kosa langu liko hapa. Nguo ya balo ina harufu yake, kila mwanamke wa Bunia anaijua, unafua mara mbili ndipo inatoka. Suti hii ilinukia sabuni! Nguo ya balo ina mikunjo migumu, na hii ilikuwa imenyooshwa kwa pasi. Ndani ya ukosi kulikuwa na mshono wa mkono, wa uzi wa bluu. Na kwa nini ailete nyumbani, asiniite mezani kwake kama siku zote? Yote hayo niliyaona. Nikalipa, maana niliitaka.

Jumatatu niliingia ofisini nikitembea kama bibi harusi. Wenzangu wakaisifu, wakauliza nimeipata wapi. Ningesema sokoni, ningekufa? Lakini niliwatazama na nguo zao za dukani, nikaona aibu. Nikasema dada yangu wa Kampala amenitumia. Sina dada Kampala. Sina dada popote!

Mhasibu wetu, Mama Béatrice, alikuwa ameondoka asubuhi ile ile kwenda Mahagi. Alirudi Alhamisi. Alipofika resepsioni aliitikia salamu yangu nusu, akanishika mkono, akageuza ukosi wa koti langu. Akaona uzi wa bluu.

“Mama Plamedi, hii veste ulitoshaka wapi?” aliniuliza polepole.

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi mbele yangu. Wageni wawili walikuwa wamekaa, na wenzangu wanasikiliza. Nikarudia uongo wa dada: “Iko ya Kampala, mama. Yaya yangu njo alinitumia.”

“Mwongo! Hii iko veste ya mudogo yangu mwenye alikufa! Miye mwenyewe njo nilishonaka hapa!”

Akalia. Ofisi nzima ikatoka...

Kwetu nguo za marehemu hazigawanywi hadi siku ya kumaliza matanga. Familia inakaa, inafungua sanduku, kila ndugu anapewa chake. Anayechukua kabla ya siku hiyo amemwibia maiti. Familia ya Mama Béatrice ilikuwa imefungua sanduku Jumapili iliyotangulia, ikakuta suti haimo.

Nilivua koti pale pale, nikampa. Nilikuwa na blauzi nyeupe siku hiyo. Kila mtu aliona alama ya pasi mgongoni mwangu, nyeusi, na hakuna aliyegeuza macho!

Nikaanza kulia, nikamtaja Solange. Wakamwita. Alikuja na Biblia mkononi, mnafiki yule! Kumbe matanga yale alipika siku zote, alikuwa anaingia chumbani kuchukua masahani. Nilidhani atatetemeka.

“Miye?” akasema. “Si weye mwenyewe ulisema iko ya Kampala? Kwangu imekuwa Kampala leo? Na kwenye matanga sikukuwa peke yangu. Hata yeye alikuwa!”

Ni kweli. Kabla sijapata kazi ile, Solange aliniomba nimsindikize siku moja, nikaosha vyombo nyumbani kwa watu nisiowajua. Mama Béatrice alinitazama usoni, akanikumbuka. Ningejitetea kwa neno gani? Uongo wangu wote walikuwa wameshausikia.

Mkubwa wetu hakupiga kelele. Alisema: “Mama, essai yako inaishia hapa. Resepsioni njo sura ya biro, ya ofisi yote.” Nilirudi Bigo kwa miguu, nimevaa sketi ya marehemu, kwa sababu sikuwa na nyingine ya kubadilisha.

Kesho yake niliifua sketi ile, nikaipiga pasi, nikaipeleka kwa Mama Béatrice. Nilipiga magoti mlangoni, nikainyoosha kwa mikono miwili. Hakuipokea.

“Weka chini,” akasema.

Niliiweka kwenye vumbi, safi vile vile, nikaondoka.

Nilirudi kwenye beseni karibu mwaka mzima. Plamedi alikaa nyumbani muhula mzima bila shule. Sasa mimi ni karani wa shule ndogo, nina sketi zangu mbili zile zile. Solange bado anauza, bado ananiita “yaya”, dada mkubwa, nikipita. Simjibu. Wanaoniambia nimsamehe wamsamehe wao, hawakuvua koti mbele ya wageni!

Dada zangu, jengeni nguo za kazi kidogo kidogo, kwa mitumba, bila haya. Nunueni mezani, mbele ya watu, na nguo yenye harufu ya kabati la mtu mwingine iacheni. Lakini nawaomba kuliko yote: msiione aibu balo. Suti ile Solange aliiiba, na hilo ni lake. Ile Kampala niliitunga mimi, na ndiyo iliyonifukuza.

Siku hizi mtu akisifu sketi yangu, namjibu kabla hajauliza: nimeitoa sokoni, na aliyeniuzia nitakuonyesha.