Sauti Iliyotoka Pangoni Kasanga

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jumapili moja mchana, Zita akiwa mbele ya maiki katika chumba cha uani, alinusa dagaa wabichi. Sumbawanga iko juu kwenye baridi, ziwa liko mbali huko bondeni, na siku hiyo jikoni kwao kulikuwa na maharage tu. Alimgeukia mumewe, Tadei, aliyekuwa kwenye kompyuta. Tadei naye alikuwa ameshika pua.

Redio yao ilikuwa ya mtandaoni, kitu cha kujifurahisha. Walitundika mablanketi ukutani kuua mwangwi, na kila Jumapili wakapiga nyimbo za wasanii ambao redio kubwa hazikuwataka: vijana wa Chala waliorekodi kwa simu, wanakwaya wa Ilemba waliojitenga, wapiga gitaa wa mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Waliowasikiliza ni madereva wa malori, wanafunzi walioko Mbeya, na Wafipa waliohamia mbali wakabaki na hamu ya kwao. Zita, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyetangaza, na wengi walikiri kwamba waliifuata sauti yake kuliko hata muziki.

Siku hiyo walipiga wimbo mpya wa Meshack, mpakia mizigo wa bandari ya Kasanga, kule ziwani. Ulikuwa gitaa tupu. Ulipoisha, ujumbe ukaanza kuingia: huyo mama anayeimba ni nani?

"Mama gani?" Zita akauliza.

Tadei akaurudia wimbo, vipokea sauti masikioni. Akatikisa kichwa. "Mimi nasikia nyuzi tu."

Jumapili iliyofuata hawakuugusa wimbo ule, lakini wasikilizaji walimsifu tena yule mama, aliyeimba kila Zita aliponyamaza kuvuta pumzi. Wiki hiyo koo la Zita likaanza kukauka. Darasani aliita majina, watoto wakabaki wanatazamana. Hospitali walimmulika kooni, wakasema ni safi kabisa. Kabla wiki haijaisha, akawa amebaki na pumzi tu.

Tadei akaendesha kipindi peke yake. Zita alijilaza chumbani, simu kifuani, amsikilize mumewe. Badala yake akajisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti yake, na kicheko chake kile kinachoishia puani, ikiwasalimu wasikilizaji kwa majina, ikiwauliza habari za nyumbani, kisha ikaanza kuimba kwa Kifipa wimbo ambao Zita hakuwahi kufundishwa na mtu, nao ukapanda na kushuka taratibu kama maji yanayolamba mawe, na harufu ya dagaa ikajaa chumba kizima mpaka shuka zikawa kama zimelowa.

Tadei akaingia mbio. "Zita, nimefunga kila kitu," alinong'ona. "Hata umeme nimechomoa."

Simu iliendelea kuimba.

Walimpigia Meshack. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu anisamehe. Nilirekodia pangoni, kule ambako wazee walitukataza hata kupiga mluzi. Mwangwi wake ulinipendeza. Nikasikia mwanamke anaimba nyuma yangu, kama mtu aliyefumba mdomo. Nikageuka, hapakuwa na mtu. Nikaona inanoga, nikamwacha humohumo."

Wakateremka Kasanga. Meshack na mkewe, Fransiska, waliwapeleka kwa Bibi Klementina, mganga aliyevaa rozari shingoni na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari na dawa zake.

"Shikamoo, bibi," Tadei akasema. Zita alipiga goti tu.

"Marahaba, wanangu." Bibi akainusa shingo ya Zita, akarudi nyuma. "Ni jini wa maji. Sauti yake haikuwa ikivuka pango. Akaonjeshwa masikio ya watu wa mbali, sasa hashibi."

"Tukifunga redio?"

"Ameshaihama redio. Yumo kooni mwa mkeo. Naye hatoki mikono mitupu."

"Basi achukue sauti yangu," Tadei akasema.

"Hakutaki wewe, baba. Anawataka wenye sauti zilizompendeza."

Macho yakamgeukia Meshack. Ndiye aliyeimba harusi zote za mwambao ule, na wote mle ndani walilijua hilo.

"Mimi ndiye niliyemwacha kwenye wimbo," Meshack akasema. "Achukue yangu."

Fransiska akamkamata shati. "Meshack, usifanye hivyo. Utaniita kwa sauti gani?"

Meshack akaitoa mikono ya mkewe polepole, kidole kwa kidole.

Waliingia pangoni jua likiwa utosini, lakini ndani kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Bibi akafukiza majani. Meshack akaketi kwenye jiwe, kando ya maji ya ziwa yaliyoingia hadi ndani, akaimba, na kutoka gizani mwanamke akaitikia kwa sauti ya Zita, akamsogelea, moshi ukagawanyika kama unampisha mtu, sauti zile mbili zikasukana hadi haikujulikana ipi ni ipi, na Zita akahisi koo linawaka moto, kitu chembamba cha baridi kikichomolewa humo taratibu kama uzi kwenye nguo, huku mdomo wa Meshack ukifunguka na kufungika bila kutoa chochote, na sauti yake nzito ikiimba bado, lakini kutoka chini, ndani ya maji.

"Tadei," Zita akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza, nalo likamtoa machozi.

Redio ingali hewani. Meshack huwatumia gitaa lake, sasa anarekodia nyumbani, na wasikilizaji huuliza kwa nini haimbi. Zita hubadilisha mazungumzo.

Wenye maboti ya Zambia wanasema wakipita karibu na pango huwasikia wawili chini ya maji, mwanamke na mwanamume. Meshack naye kila jioni huenda kukaa pale ukingoni, akatafuta ufunguo wa wimbo wao kwenye nyuzi za gitaa, akawapigia. Fransiska humpelekea chakula hukohuko. Watu humlaumu kwamba hamzuii. Yeye huketi ubavuni mwa mumewe akasikiliza maji, maana ile ndiyo sauti iliyomposa.