Kitulizo cha Mhandisi Salhina

Kipimatulivu, mashine ya kliniki ya wanyama, kilimnyanyua paka wa kwanza kwa mikono yake miwili ya mpira, kikamlaza juu ya meza ya chuma, na kabla chai ya daktari haijapoa kikawa kimemaliza kazi ambayo zamani ilimzungusha mtu wiki nzima, bahasha kwapani, kutoka dirisha hadi dirisha. Kilisoma chipu iliyofichwa chini ya ngozi ya shingo. Kilinyonya tone la damu bila paka kushtuka, kikahakikisha kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa imeshajenga kinga mwilini. Kilitafuta minyoo, viroboto na kupe, halafu kikatoa cheti cha afya kwa lugha mbili, Kiswahili na lugha ya huko waendako. Paka mwenyewe, ambaye jina lake lilikuwa Kashata, alipiga mwayo tu.

"Huyu salama," alisema Daktari Shemhilu, daktari wa wanyama, mtu mnene mwenye kucheka upesi. "Na mwenziwe?"

Mwenziwe aliitwa Doa, naye pia alikuwa salama. Mhandisi Salhina alishusha pumzi. Kilichobaki kilikuwa kipimo kimoja tu, nacho ndicho kilichokipa chombo kile jina lake.

Salhina alikuwa amepata kazi Velsund, mji uliojengwa chini ya kuba la kioo kaskazini kabisa mwa dunia, ambako jua huzama likakaa miezi bila kuchomoza. Hapa Tanga alikuwa akisimamia mitambo ya bandari, na huko angesimamia mabomba ya joto yanayoufanya mji mzima usigande. Kazi ya maana, na watu wengi waliililia. Lakini wafanyakazi wa kwanza wa Velsund walipatwa na mambo. Giza liliwaingia, wakawa wanazungumza na kuta, na baadhi yao walifungua milango ya kuba wakatoka nje kwenye barafu na nguo za kulalia. Tangu hapo wakuu wa mji wakatunga sheria kwamba hakuna atakayeingia Velsund peke yake. Kila mtu aje na kitulizo chake, yaani kiumbe anayeufanya moyo wake utulie. Na kwa kuwa watu ni hodari wa kudanganya kwenye fomu, kitulizo kilipimwa kwa mashine.

Daktari alimvisha Salhina bangili ya kusoma moyo, akawavisha paka kola za namna hiyohiyo. Kwenye kioo ukutani ikatokea mistari mitatu, wa buluu ukiwa wa mhandisi, na miwili ya njano ya paka.

"Wapakate. Mistari yote ikilala, tumemaliza."

Salhina aliwapakata. Mistari haikulala. Kashata alijinyonganyonga, Doa akamtia kucha mkononi, na ule mstari wa buluu ukawa unaruka kuliko ya paka.

"Labda wameogopa mashine," alisema Salhina.

"Nani huwalisha nyumbani?"

"Ni... mama yangu. Mimi narudi usiku."

"Na mama yuko wapi?"

"Yuko hapo nje, kwenye benchi, lakini hana haja ya—"

Daktari alishafungua mlango. "Mama! Karibu ndani, tafadhali. Shikamoo."

"Marahaba, baba." Bi Mwanamkuu aliingia akichechemea kidogo, kapu tupu la paka mkononi. Ndiye aliyewabeba mpaka hapo, na Salhina alikuwa amemwomba asubiri nje, eti chumba ni kidogo. "Jamani, wanangu wamefanywa nini?"

Alisema maneno hayo tu. Paka wakatulia. Mistari ya njano ikalala. Na ule wa buluu, ambao Salhina aliutazama kwa macho yake mwenyewe huku akitamani bangili ile ikatike, nao ukashuka polepole ukalala.

Kipimatulivu kikasema kwa sauti yake nzuri isiyo na haya: "Kitulizo halisi cha mwombaji kimepatikana. Si wanyama hawa. Ni mtu aliyeingia sasa hivi. Velsund inaruhusu kitulizo kimoja, mtu mmoja au wanyama wadogo wasiozidi wawili. Je, jina libadilishwe?"

"Hongera, mama!" Daktari alipiga makofi. "Kumbe wa kusafiri ni wewe!"

Halafu akaona uso wa Salhina, akashusha mikono.

Bi Mwanamkuu aliitazama mashine, kisha binti yake. "Mtu?" aliuliza. "Si uliniambia huko hawachukui watu? Uliniambia wanachukua paka tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Salhina iliishia pale, mbele ya meza ya chuma inayonuka dawa. Masikio yalimwaka moto.

Mama yake akageuka haraka kwa daktari, akacheka. "Ah, uzee huu, baba! Nimesahau. Aliniambia, mimi ndiye niliyekataa. Mguu huu na baridi wapi na wapi? Nikamwambia, chukua paka, mwanangu."

Daktari Shemhilu alianza kufuta kioo cha saa yake kwa ncha ya koti, akafuta na kufuta. Hakuna aliyedanganyika. Salhina angependa mama amtukane. Kutukanwa kungekuwa nafuu, kwa sababu mtu hutukanwa akajibu. Lakini kusitiriwa na yule uliyemdhulumu, mbele ya mgeni, utajibu nini?

Maana sababu yenyewe ilikuwa ndogo, ndogo hata kuitaja ni aibu. Siku Salhina alipotangazwa kupata kazi, wakuu wa Velsund wakimtazama moja kwa moja kupitia kioo cha ukutani katika ukumbi wa bandari, Bi Mwanamkuu alisimama katikati ya ukumbi akapiga vigelegele mpaka vipaza sauti vikakwaruza, kisha akamfunga mwanawe kanga juu ya suti. Mkuu mmoja alicheka. Picha ile ikazunguka ofisi nzima. Usiku ule Salhina alijaza fomu ya kitulizo akaandika Kashata na Doa. Paka hawapigi vigelegele.

"Jina libadilishwe?" mashine ilirudia. Haikujua kuona haya, ndiyo raha yake.

"Mama hakukataa," alisema Salhina. Sauti ilimtoka nyembamba. "Sikumuuliza. Nilimdanganya. Nilimwonea aibu." Akageuka. "Mama, nisamehe. Badilisha, daktari. Andika jina la mama."

Bi Mwanamkuu alivuta kiti akakaa, Doa akamrukia mapajani. Alimkuna nyuma ya masikio kwa muda mrefu. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni chote.

"Usibadilishe, baba," alimwambia daktari.

"Mama..."

"Ngoja nami niseme. Kunionea haya, niliona tangu siku ile pale ukumbini, nikasema ni utoto, utaisha. Sasa unaniita kwa sababu mashine imekuumbua mbele ya watu. Hiyo ni aibu inayoniita, siyo wewe. Sitaki kupelekwa ng'ambo na aibu." Akamkuna Doa tena. "Nenda. Aibu ikikuisha, na bado ukawa unanitaka, utaniita mwenyewe. Nami nitaangalia."

"Lakini paka hawakubali kwangu. Bila kitulizo siendi."

"Hawakubali kwa sababu hujui kuwashika. Njoo."

Salhina akapiga magoti mbele ya kiti. Bi Mwanamkuu alimwekea Doa mikononi. "Usimshike tumboni, hataki. Mkono mmoja chini ya kifua. Huu wa pili umkalishe. Ehe. Kashata yeye hupenda kuongeleshwa, mwambie lolote, hata bei ya nyanya. Wala usimpe maziwa, yanamwendesha." Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa binti yake, akauongoza mgongoni mwa paka, taratibu, kama alivyomfundisha zamani kusuka ukili wa mkeka.

Salhina alikuwa analia, machozi yakidondokea manyoya. Kwenye kioo mistari ya njano ilishuka. Wa buluu nao ukashuka, ukalala.

"Kitulizo kimethibitishwa," ilisema mashine. "Wanyama wawili."

Ilijua kuwa kuna mtu aliyeingia, lakini haikuwa na namna ya kuona kiganja cha nani kilikuwa juu ya kingine. Daktari alikiona, Salhina alikiona. Hati ikateleza kutoka kwenye mdomo wa mashine, ikiwa bado na joto, muhuri umeshapigwa, na kila mtu mle chumbani alijua kuwa ni ya uongo.

Bi Mwanamkuu akaondoa mkono wake.

"Haya, ichukue," alisema.

Na Salhina akaichukua.