Karatasi ya Dawa ya Baba Justina

Kila jioni Justina aliporudi kutoka shuleni, majirani pale Butiama walimsubiri na makaratasi yao ya Kiingereza. Alikuwa wa kwanza darasa la sita, na sifa zilikuwa zimemvimbisha kichwa. Neno asilolijua alilibunia maana tu, na hakuna aliyemgundua.

Mwaka huo sindano za baba yake, Mzee Mwikwabe, zilikosekana hospitalini. Zilikuwa za homoni ya kiume, ambayo mwili wake uliacha kuitengeneza alipougua. Ikabidi anunue homoni hiyohiyo, lakini ya kupaka, katika duka jipya la dawa mjini Musoma. Akarudi na tyubu na karatasi.

"Soma, mwanangu."

Justina alikodoa macho. Hakuelewa hata mstari mmoja. Lakini aseme hajui? Yeye?

"Paka tumboni, mara tatu kwa siku," alisema bila haya.

Miezi miwili baadaye, matiti ya baba yakavimba. Jamani, aibu! Akawa anavaa koti juani, na mnadani hakwenda tena.

"Watu wanasema umerogwa!" mama alifoka. "Twende hospitali, nimechoka!"

"Siendi. Hiyo dawa ndiyo imenivimbisha. Naitupa chooni leo, hata kama nitaugua tena."

Justina alishindwa kuvumilia. "Baba, usiitupe. Ile karatasi sikuielewa. Nilibuni."

"Ulibuni!" Baba alishika kichwa. "Na mimi nilikuwaga najisifu kilabuni kwamba mwanangu anasoma kuliko karani!"

Kesho yake, mjini Musoma, Daktari Jenoveva aliisoma karatasi, akaguna.

"Mzee, hapa wameandika kipimo kimoja, asubuhi, begani. Wewe umepaka mara tatu! Dawa hii ikizidi, mwili hugeuza sehemu yake kuwa homoni ya kike. Mafuta yaliyojaa kwenye kitambi ndiyo hufanya kazi hiyo, na pombe huzidisha. Fuata kipimo, punguza kitambi, acha kilabu. Tutakuwa tunakupima damu. Na usiache dawa bila kuniuliza."

Baba alinung'unika njia nzima, lakini alitii. Polepole uvimbe ukapungua.

Siku moja jirani yao Mbuke alileta barua. Justina alisoma, akasita. "Neno hili silijui. Nitamwuliza mwalimu."

Mbuke alisonya. "Sasa shule unaendea nini?"

"Mwache," alisema baba, ambaye alikuwa amevaa shati tu, tayari kwenda mnadani. "Kusema sijui si aibu. Aibu ni kubuni. Muulize aliyevaa koti juani."