Ngata Kutoka Karisimbi

Tabia njema ndiyo iliyomponza mtoto wa watu. Angekuwa jeuri, wa kumwona mgeni anahema mlangoni na yeye akaendelea kutafuna muhindi wake, yangempita. Lakini Victoire alilelewa na Mukakalisa, na Mukakalisa hakuwa na mchezo na adabu. Mtu akija na mzigo kichwani humwulizi jina wala habari za nyumbani. Unasimama, unanyanyua mikono, unamtua kwanza. Maana mzigo ukiwa mzito, mwenyewe hawezi kuinama akautua peke yake.

Basi siku hiyo, mwaka wa hamsini na tano, saa kumi ya mchana, jua kali juu ya ziwa, Mukakalisa alikuwa nyuma ya nyumba yao huko Keshero, nje kidogo ya Goma, akichambua maharage. Akasikia fimbo ikigonga mawe ya volkano pale uani, ko, ko, ko, polepole. Halafu ikaja harufu ya blanketi la sufu lililoloa na kukaa siku nyingi bila kuanikwa. Halafu sauti ya binti yake.

"Karibu, muzee. Inama kidogo, nikutue."

Mukakalisa akapangusa mikono, akazunguka mbele kumwamkia mgeni. Mlangoni hapakuwa na mtu mzima yeyote. Alikuwepo Victoire tu, mtoto wa miaka kumi, kasimama wima, mikono yote miwili juu ya kichwa chake, anashikilia kitu kisidondoke.

"Nani alikuja?"

"Muzee mumoja na muzigo. Ameenda sasa." Mtoto alikunja uso. "Mama, hiki kitu ni kizito sana!"

"Kitu gani? Kiko wapi?"

Victoire alimtazama mama yake kwa mshangao. "Si hiki, Mama? Nitue basi."

Mukakalisa akacheka. Ndiyo, alicheka, na siku zilizofuata alijichukia kwa kicheko kile. "Acha michezo yako," alimwambia. "Njoo tuchambue maharage."

Mchezo gani? Kufika Jumapili Victoire alikuwa hainami tena. Akitaka kuingia ndani alikunja magoti, shingo imenyooka, akapita chini ya kizingiti kwa uangalifu, kisha akasimama tena huku anatetemeka mapaja. Kulala alishindwa, alikaa ameegemea ukuta mpaka kukapambazuka. Gauni lake la shule, lililokuwa likiishia magotini, sasa lilifika katikati ya miundi, na Mukakalisa alilipima mara mbili kwa kiganja chake akidhani limelegea pindo. Gauni halikuwa na neno. Aliyepungua ni mtoto.

Alimpeleka kwa mganga wa dispensari, akapakwa dawa ya kuchua, shingo ikanuka karafuu siku nzima na isipone. Padri alimwekea mkono kichwani, akauondoa upesi, akaupuliza upate joto. Na nywele za utosini zilianza kukatika, si ovyo ovyo, zikakatika kwa duara, duara safi, pana kiasi cha sahani ya chai. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba kuni au maji analijua duara lile. Ni mahali pa ngata, ile pete ya nyasi inayokaa chini ya mzigo.

Lakini jambo lililomvunja Mukakalisa nguvu ni lile la saa kumi, kwa kuwa kila siku, jua likiwaka, majirani wameanika unga nje na jasho linawatoka, saa hiyo ikifika mtoto alianza kutoa mvuke mdomoni kwa kila pumzi, mvuke mweupe wa mtu aliye kwenye baridi kali, na midomo ikawa ya buluu, na ile harufu ya blanketi ikajaa chumba, na juu ya kichwa chake, mahali pasipo na kitu, kikasikika kitu kinagongana taratibu ndani ya sanduku, vikombe labda, au chupa, na kila kilipogongana shingo ya mtoto ilizama kidogo, kidogo tu, na yeye akasema kwa sauti ndogo isiyolaumu mtu, "Nitueni."

Mukakalisa alinyanyua mikono. Mara ngapi! Alipapasa hewa juu ya kichwa cha mwanawe, akakumbatia hewa, akavuta hewa, akalia.

"Mama, unashika chini sana," Victoire alimwambia. "Iko juu."

Akapanda juu ya kigoda. Hewa vilevile.

Siku ya nane Papa Victoire akarudi. Théoneste Hategekimana alikuwa kapita, msimamizi wa wapagazi, anawapandisha watalii kwenye milima, na juma lile alikuwa Nyiragongo na Wabelgiji sita. Aliingia anaimba. Akamwona binti yake ameegemea ukuta, akaona lile duara utosini, wimbo ukakatika.

"Papa Victoire," Mukakalisa alinong'ona, "unajua kitu. Nakuona usoni. Sema."

"Mama Victoire, miye..."

"Sema, wewe mwanaume!"

Akasema, akiwa amechuchumaa, hatazami mtu. Kule hotelini, Madame, Mzungu mwenye hoteli, alikuwa na kabati la kioo la vitu vya kale vya mlimani: taa za kandili zilizopata kutu, vikombe vilivyotoboka, vigingi vya hema, kiatu kimoja cha Mzungu wa zamani. Watalii walivinunua, wakavipeleka kwao kama ukumbusho, wapate kuonyesha kwamba walifika. Madame alimwagiza ngata. Si ngata ya sokoni. Alitaka iliyopanda mlima kweli.

"Si ungesokota moja hapa nyumbani?" alisema Mukakalisa. "Nani angejua?"

"Nilitaka kumupa ya kweli." Mjinga! Siku moja maishani mwake aliamua kutomdanganya Mzungu, na akaichagua siku ile.

Miaka mitatu nyuma, juu ya Karisimbi, mvua ya mawe iliwakuta njiani. Mpagazi mmoja mzee wa Masisi, Florent, alikuwa na sanduku la vyombo na chupa za wageni. Alisimama akasema, "Kapita, nitue." Hategekimana aliogopa kwamba akimtua mmoja, wote watatua, na wageni watalala bila chakula. Akapita pembeni yake bila kugeuka. Asubuhi walimkuta amekaa juu ya jiwe, macho wazi, sanduku bado lipo kichwani. Wakalichukua sanduku. Yeye wakamfunika kwa mawe.

"Na ngata?"

"Ilikuwa imegandia kwenye nywele." Hategekimana alifunika uso kwa viganja. "Nilipopita pale juzijuzi, niliondoa mawe matatu tu, Mama Victoire. Matatu tu. Ikalala hapa usiku mumoja, hapo juu ya mulango, kesho yake nikaipeleka kwa Madame."

Mukakalisa aliinuka. Alitaka kumpiga kwa mchi, na hakuwa hata na nguvu ya kuuokota. Alitoka akamwita jirani yao Nyirarukundo, mama mzee aliyejua kusema na bazimu, roho za wafu, ingawa Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani.

Nyirarukundo hakuwasha kitu wala kuimba. Alimzunguka mtoto mara moja, akanusa, akajifuta macho.

"Yule mwenyewe hayuko tena hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Alitafuta wa kumutua, akapata. Ameenda kupumzika, simulaumu. Kimebaki kile alichobeba. Ngata ndiyo kiti cha muzigo. Ifungueni kwa mikono, nyasi kwa nyasi, muzigo utaanguka. Lakini ile yenyewe. Hakuna ingine."

Wakaenda hotelini wote watatu, baba, mama na mtoto, polepole, kwa mwendo wa mtoto. Victoire alitembea hatua fupi fupi, na watu wa barabarani walimpisha bila kujua kwa nini.

Kabatini palibaki duara la vumbi.

"Niliuzisha Alhamisi," alisema Madame, anafurahi. "Bwana mumoja, aliipenda sana. Ameondoka na ndege."

"Jina lake, Madame? Anakaa wapi?" Hategekimana aliuliza, kofia mkononi.

"Mimi nitajua namna gani? Ulaya." Akacheka. "Usihuzunike, Kapita. Utaniletea ingine."

Hapohapo nje, chini ya ukuta wa hoteli, Hategekimana aling'oa nyasi akasokota ngata, akaifungua mbele ya mwanawe. Akasokota ya pili. Alifikisha kumi na moja, vidole vinatoka damu, na Mukakalisa hakumzuia wala hakumsaidia. Kila moja ilikuwa nyasi tu.

Saa kumi ikawakuta barabarani, katikati ya Goma na Keshero, jua liko usoni. Mvuke ukamtoka mtoto mdomoni. Vyombo vikagongana juu ya kichwa chake, na Mukakalisa akasikia shingo ikilia. Victoire akasimama. Hakulia. Alimgeukia baba yake kwa macho tu, maana kichwa hakikugeuka tena.

"Papa," alisema, "kambi bado iko mbali?"

"Mbali? Hapana," alijibu Hategekimana. "Karibu tunafika."

Alilisema upesi, kwa upole, bila hata kufikiri, na Mukakalisa akatambua kwamba ndivyo alivyokuwa akiwaambia wapagazi wote. Victoire alimwamini. Akakunja magoti, akauweka sawa mzigo wake, akaanza tena kutembea.