Paa Lililong'oka Mara Mbili

Jentrix alikuwa akianua mahindi uani. Nyumba yao iko nje kidogo ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda Kachibora. Mumewe, Kipkemei, alikuwa zizini na ng'ombe. Binti yao Jerop, mwenye miaka tisa, alikuwa verandani akifanya hesabu za shule.

Mawingu yalikuja ghafla. Upepo ukavuma kutoka upande wa mbele wa nyumba, ukaingia chini ya paa la veranda. Paa likatetemeka, likainuka, likaenda. Bati moja lilimkata Jerop mkononi.

Ilikuwa mara ya pili katika mwaka mmoja.

Jerop alishonwa nyuzi kumi na moja. Kesho yake Gathii, fundi aliyejenga nyumba hiyo, alikuja kuangalia.

"Pole, Mama Jerop," alisema. "Upepo ni wa Mungu, bana. Nitarudisha paa vile lilikuwa. Nitaongeza misumari."

"Vile lilikuwa? Si ulisema hivyo hivyo mara ya kwanza!"

"Mwache fundi afanye kazi," Kipkemei alisema.

Jentrix alimtazama mumewe. Aliokota kipande cha bati kilichopindika, akakitia kwenye gunia. Asubuhi iliyofuata alisafiri hadi Bungoma, kwenye duka la Mzee Kishore. Huko ndiko walikonunua mabati.

Alikitupa kipande kile juu ya kaunta.

"Mabati yenu ni karatasi! Yamemkata mtoto wangu!"

Mzee Kishore aligeuka akaita ofisini. Binti yake, Rina, alitoka kwenye ofisi iliyo nyuma ya duka. Rina ni msanifu wa majengo, yaani mtu anayechora nyumba kabla haijajengwa.

"Pole sana, mama. Mtoto yuko aje?"

"Usinipoze na pole. Nataka kujua nani aliniharibia nyumba."

Rina aligeuza lile bati. Kipande cha ubao kilikuwa bado kimeshikamana nalo kwa misumari.

"Angalia. Bati halikuachia ubao. Ni ubao ulioachia ukuta. Una picha ya nyumba?"

Jentrix alimwonyesha picha kwenye simu. Rina alifungua kompyuta yake.

"Nahitaji vipimo. Veranda ina upana gani?"

Jentrix alimpigia mumewe.

"Kama futi sita hivi," Kipkemei alisema.

"Umepima?"

"Si ni kama sita tu."

"Usinikisie! Chukua tepu!"

Wakasubiri. "Ni futi tisa," Kipkemei alisema kwa sauti ya chini.

"Vizuri tumepima," Rina alisema. "Kompyuta ikipewa uongo, italeta jibu la uongo."

Baada ya muda nyumba ilitokea kwenye skrini. Mishale mingi ilikuwa ikiiendea.

"Hii mishale ni upepo. Kompyuta inaigiza dhoruba. Upepo unaingia chini ya veranda, unakosa njia, unasukuma paa juu. Mwingine unapita juu ya paa kwa kasi, unalivuta. Penye rangi nyekundu ndipo paa linavutwa zaidi."

Wekundu ulikuwa juu ya veranda, mahali alipokuwa ameketi Jerop.

Jentrix aligonga kaunta kwa ngumi. "Kwa hivyo hii ingejulikana?"

"Kabla ya tofali la kwanza."

"Mbona hakuna mtu alituambia?"

"Mlimuuliza nani, mama?"

Jentrix alikumbuka jinsi walivyomwachia fundi kila kitu. Sasa alijikasirikia mwenyewe pia.

Rina alimwonyesha mistari ya maandishi. "Haya ni maagizo. Nimeyaandika mwenyewe. Yanaiambia kompyuta: badilisha paa kidogo, puliza upepo, pima, jaribu tena. Nikichora kwa mkono, nitajaribu mapaa matatu kwa siku. Hii inaweza kujaribu mia tatu."

Saa sita mchana, jibu lilikuwa tayari. Paa kuu liwe la pande nne, lenye mwinuko zaidi. Veranda iwe nyembamba, na iwe na paa lake peke yake. Mbao zote zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma. Rina alichapisha mchoro.

Gathii alipouona, alicheka. "Kompyuta imewahi kupanda juu ya nyumba?"

"Wewe umepanda mara mbili," Jentrix alisema. "Na paa limeshuka mara mbili. Mtoto wangu ana nyuzi kumi na moja. Unacheka nini?"

Gathii aliacha kucheka. Alimgeukia Kipkemei ili amtetee. Kipkemei alitazama bandeji ya Jerop.

"Fuata mchoro," alisema. "Kila mkanda. Nitahesabu mwenyewe."

Alihesabu kweli. Rina naye alikuja Kitale mara mbili kukagua. Mara ya kwanza alikuta mikanda minne haijafungwa vizuri. Jentrix alimfokea Gathii hadi majirani wakatoka nje. Ilifungwa upya.

Mwezi wa nne dhoruba nyingine ilikuja, saa kumi jioni. Watatu hao walikaa sebuleni wakisikiliza. Mabati yalinguruma. Jerop alimshika mama yake kiuno. Paa halikusogea.

Kulipopambazuka, nyumba mbili za jirani hazikuwa na mapaa. Gathii alikuja akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mama Jerop, nimepewa kazi ya kujenga shule ya nasari kule Kipsongo. Watoto arobaini. Naomba namba ya yule msanifu."

Jentrix alikuwa bado hajamsamehe. Alimsomea namba, tarakimu moja moja.

"Nitampigia wiki ijayo," Gathii alisema.

"Piga sasa. Hapa mbele yangu, kabla hujachimba msingi."

Gathii akapiga.