Ukuta Nilioufukua kwa Mikono Yangu

"Ingia basi, Rachele. Humu hamna nyoka."

"Vumbi, Carmine. Nitaharibu viatu."

Viatu hivyo nilimnunulia mimi. Zilibaki siku sita tufunge ndoa, na ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo kuingia mji wa kale wa Pompei ni bure na watu wanajaa kama nzi. Nilitaka aone kazi yangu. Nimechimba mji huu miaka ishirini na sita. Chumba hiki nilianza kukifukua mwezi wa tatu, ndoo kwa ndoo, nikitoa majivu ambayo mlima wa volkano uliyamwaga karibu miaka elfu mbili iliyopita. Wageni walikuwa hawajaruhusiwa kuingia. Funguo zilikuwa mbili: mmoja wangu, mwingine wa Nello, mlinzi, rafiki yangu wa utotoni na shahidi wangu wa harusi.

Nikawasha taa.

"Ona samaki hao waliochorwa ukutani! Rangi kama ya jana."

Hakuwatazama. Alikuwa anatazama chini yao, nami nikafuata macho yake. Kwenye ukuta mwekundu mtu alikuwa amekwaruza kwa ncha ya ufunguo: NELLO + RACHELE, na moyo wa kitoto pembeni. Mikwaruzo ilikuwa mipya, myeupe kama chumvi.

"Rachele. Nini hiki?"

"Kina Rachele wapo wengi."

"Na kina Nello je?"

Akashusha pumzi, akanishika mkono.

"Sawa, nitakwambia. Nilikuwa naye nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa watoto. Aliandika wakati ule, hata wewe nilikuwa sikujui. Utanigombeza kwa mambo ya kale?"

"Wakati ule?"

"Naapa kwa uhai wa mama."

"Usimwingize mama yako. Wakati ule ukuta huu ulikuwa chini ya majivu, mita nne! Niliutoa mimi, mwaka huu!"

Akaachia mkono wangu.

"Nilipolazwa hospitalini kwa ngiri," nikasema, "ulikuwa unaniletea supu, halafu unakimbia. Ulikuwa unakimbilia huku?"

Simu yake ikalia ndani ya koti langu, kwa sababu gauni lake halikuwa na mfuko. Nikaitoa. Ujumbe wa Nello:

"Mzungushe kwingine, asiingie chumba cha samaki. Sijapata chokaa ya kuziba."

Nikampigia hapohapo kwa simu hiyo.

"Mpenzi, umemzuia?"

"Ni mimi Carmine, shahidi wangu."

"Carmine! Kaka, sikiliza..."

"Uliuharibu ukuta kwa ufunguo wa kazi, Nello?"

"Ni mkwaruzo tu, ndugu yangu!"

Nikakata. Nikamrudishia simu yake. Walikuwa wamelala humu, juu ya sakafu niliyoipangusa kwa brashi ya meno.

"Carmine, nisamehe. Mama amekwisha kufunga vifuko mia vya lozi za sukari vya kuwagawia wageni wa harusi. Watu watasema nini?"

"Waulize wenyewe. Mimi naenda kwa mkuu wa uchimbaji. Nitaandika ripoti. Jina la kwanza Nello, la pili lako."

"Utanishtaki kwa ajili ya ukuta?"

"Kwa ajili ya ukuta, ndiyo. Ingekuwa kwa ajili yangu, ningekuacha uende zako."

Nello alifukuzwa kazi siku ya Jumatano. Nasikia Rachele naye alimkataa. Alisema hawezi kuishi na mtu asiye na mshahara. Wamefanana.

Jumamosi, saa tano asubuhi, saa ambayo ningekuwa kanisani nikifunga ndoa, nilikuwa nimepiga magoti nikimshikia taa Immacolata, fundi wa kutengeneza michoro ya kale, akijaza mikwaruzo chokaa kwa bomba la sindano.

"Herufi zitafutika," akasema. "Moyo umeingia ndani mno. Alama itabaki."

"Hata ukiweka rangi?"

"Hata nikiweka. Mbona unageuza uso? Unalia?"

"Silii. Nasikia kinyaa."

"Basi sogeza taa karibu, kinyaa hakizuii kazi."

Nikasogeza.